Swali Kutoka Kibaoni: Hesabu Zitamfikisha Wapi Mtoto wa Mkulima?

Wanachama wenzetu, hapana miongoni mwetu asiyejua kwamba mche wa mkarafuu hauzai mwaka uleule unaopandwa. Huchukua miaka 6 mpaka 8 kabla ya kuchumwa kwa mara ya kwanza, na miaka mingi zaidi kabla ya kufikia utu uzima wake. Muda wote huo mwenye shamba hupalilia, huukinga mche na jua kali, huunywesha wakati wa kiangazi, na hapati hata pishi moja ya kuanika. Hata hivyo hatujapata kumwona mkulima mwenye akili zake aking'oa mche wa miaka 3 kwa hoja ya kuwa haujazaa. Lakini kwa watoto wetu jambo hilo twalifanya, na wengine wetu twalifanya bila ya kujua.

Haya tumekumbushwa na barua iliyotufikia kutoka Kibaoni. Aliyeiandika ni kijana wa mwanachama mwenzetu wa Pemba, ambaye sasa anasomesha hesabu huko.

Kwa wale wasioijua, Kibaoni iko mbali sana na bahari. Iko katika mkoa wa Katavi, magharibi ya Tanzania Bara, katika nchi ya Mpimbwe, juu ya njia itokayo Mpanda kwenda Sumbawanga. Msafiri akitoka Mpanda hupita Sitalike, akaikata hifadhi ya Katavi yenye viboko wengi, ndipo akafika Kibaoni. Watu wa upande huo hulima mpunga na mahindi, hufuga ng'ombe, na hutundika mizinga ya nyuki. Ndiko nyumbani kwa Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania toka mwaka 2008 mpaka 2015.

Mwalimu wetu aeleza kwamba anaye mwanafunzi wa kike, binti wa mkulima wa mpunga mwenye mizinga michache, ambaye kwa hesabu na fizikia hana mpinzani darasani. Mwaka ujao ataingia kidato cha tatu, na hapo sharti achague: ama aendelee na masomo ya sayansi, ama ayaache. Baba yake ataka ayaache. Amwambia mwalimu: "Ualimu naujua, uuguzi naujua, biashara naijua. Lakini mtu aliyekula kwa hesabu tupu sijapata kumwona. Hesabu zitamfikisha wapi?" Mwalimu atuomba tuandike jawabu ambalo ataweza kulisoma mbele ya mkutano wa wazazi.

Swali la baba yule si swali la ujinga. Ni swali la mtu anayejua thamani ya ada na ya mikono ya kufanya kazi shambani. Basi tumeona tulijibu kwa kueleza maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa katika bara letu hili la Afrika, ambaye kazi yake yote ilikuwa ni hesabu, na hesabu zake zikaingia ndani ya chembe za dawa, za damu na za machozi. Jina lake ni Michael Levitt.

MTOTO WA PRETORIA

Levitt alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, tarehe 9 Mei 1947. Alisoma shule huko huko Pretoria, na mwaka 1963, akiwa bado na miaka 15 na 16, alikuwa tayari anasoma hesabu katika Chuo Kikuu cha mji ule. Kisha akaenda Uingereza, akaingia King's College, London, akasoma fizikia, na mwaka 1967 akahitimu kwa daraja la kwanza.

Hapa twataka tuseme wazi jambo ambalo msomaji wa Kibaoni atalifikiri mara moja. Levitt alikuwa mtoto wa Kizungu katika nchi ya ubaguzi. Shule alizosoma zilifungwa kwa sheria mbele ya watoto weusi, na tangu mwaka 1953 ilikuwapo sheria maalumu ya elimu iliyokusudia kumweka mtoto wa Kiafrika chini. Wangapi waliokuwa na akili kama yake walizaliwa katika mitaa ya jirani mwaka ule ule wa 1947, wakafungiwa mlango? Hapana ajuaye. Twaomba neno hili likumbukwe, kwani tutalirejea.

Katika mwaka 1964, akiwa London, kijana huyu alitazama katika televisheni mafunzo ya mtaalamu mmoja wa Cambridge aitwaye John Kendrew. Televisheni yenyewe ilikuwa kitu kigeni kwake, kwani Afrika Kusini haikuwa nayo mpaka mwaka 1976. Kendrew alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1962, yeye na mwenzake Max Perutz, kwa kuonyesha umbo la protini. Levitt akavutwa na habari zile, akaazimia kwenda kusoma kwake.

UZI WA SHANGA

Kabla hatujaendelea, inafaa tueleze protini ni kitu gani, maana ndiyo shina la habari yote.

Kila kitu kimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Atomu zikishikana kwa mpango maalumu huwa molekuli. Molekuli ya maji ina atomu 3 tu. Protini ni molekuli kubwa sana, na umbo lake ni kama uzi uliotungwa shanga. Zipo aina 20 za shanga hizo, na mpango wa kufuatana kwao ndio unaotenga protini moja na nyingine.

Wafugaji wa nyuki wa Kibaoni wanayo moja wanayoijua kwa uchungu wake. Katika sumu ya nyuki kimo kijiuzi kiitwacho melitini, chenye shanga 26 tu, nacho ndicho sehemu kubwa ya sumu ile. Katika ute wa yai la kuku imo protini iitwayo laisozaimu, yenye shanga 129. Protini ya jamaa hiyo imo pia katika machozi na mate yetu, na kazi yake ni kupasua ngozi za vijidudu vya maradhi. Protini aliyoichungua Kendrew, ya nyama ya nyangumi, ina shanga 153.

Ajabu ya protini ni kwamba uzi huo haukai ukaning'inia. Hujikunja wenyewe, ukawa fundo lenye umbo moja lililo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi. Uzi ule ule ukikunjwa vibaya haufai kitu, kama ufunguo uliopindwa usivyofungua kufuli. Basi wataalamu walitaka kujua: uzi hujikunjaje? Na ukisha kujikunja, hufanyaje kazi yake? Jicho haliwezi kuona. Darubini ya kawaida haiwezi kuona. Wakati ule waliweza kupata picha ya umbo lililotulia, nayo ilichukua miaka ya taabu, lakini molekuli hazitulii hata kwa dakika moja.

MASHINE IITWAYO GOLEM

Levitt alipoomba nafasi Cambridge aliambiwa kwamba kwa mwaka ule haipo. Wengi wangevunjika moyo. Yeye alishikilia, na Kendrew akampa shauri: aende kwanza Israel, katika Taasisi ya Weizmann, kwa mtaalamu aitwaye Shneior Lifson, kisha mwaka 1968 aje Cambridge. Akakubali.

Kwa Lifson alimkuta mwanafunzi mmoja, Arieh Warshel, aliyezaliwa mwaka 1940. Katika taasisi ile palikuwa na kompyuta waliyoijenga wenyewe, wakaiita Golem. Siku zile kompyuta ilijaza chumba kizima, na aghalabu maagizo yake yalitobolewa matundu katika kadi za karatasi. Simu ya mkononi aliyonayo mtoto wa leo ina nguvu ya kuhesabu kuishinda mashine ile mara nyingi mno.

Kazi waliyoifanya ilikuwa hii. Walichukua kila atomu wakaihesabu kuwa tufe. Palipo na mshikano baina ya atomu mbili wakahesabu kuwa pana springi. Atomu zikikaribiana kupita kiasi husukumana. Zikiwa mbali kidogo huvutana. Kila jambo katika hayo lina kanuni yake ya hesabu. Basi wakaandika programu ya kompyuta iliyojumlisha mivutano na misukumano yote, ikatafuta mkao ambao molekuli yaweza kutulia. Ni kama kuweka gololi ndani ya bakuli: itazunguka na kuyumba, lakini mwisho itatulia chini. Programu ilitafuta chini ya bakuli ni wapi.

Kwa njia hiyo, mwaka 1969, Levitt na Lifson walitoa hesabu za protini nzima nzima, ile ya nyama ya nyangumi na ile ya ute wa yai. Levitt alikuwa na umri wa miaka 22. Si mwanakemia mwenye chupa na moto wala tabibu mwenye sindano. Alikuwa kijana wa hesabu na fizikia aliyejua kuiagiza mashine.

KUPIMA KWA PISHI

Alipofika Cambridge alisoma mpaka akapata shahada ya udaktari, na baadaye akarudi tena Weizmann, akakutana upya na Warshel. Hapo lilikuwapo tatizo kubwa. Protini yenye maelfu ya atomu ilizishinda kompyuta za siku zile. Kuhesabu kila atomu kwa kila mwendo wake kungechukua muda usiokuwa na mwisho.

Wakulima wa karafuu wanalijua jawabu lake, maana ndilo tulifanyalo kila msimu. Mtu akileta karafuu zake kituoni, nani huketi akahesabu tembe moja moja? Twapima kwa pishi na kwa gunia. Levitt na Warshel walifanya vivyo hivyo. Badala ya kuhesabu kila atomu, walikusanya atomu za kila ushanga wakazifanya tufe moja. Mwaka 1975 walitangaza kwamba kwa njia hiyo waliweza kuigiza ndani ya kompyuta kujikunja kwa protini ndogo yenye shanga 58. Wako wataalamu waliotia shaka, wakasema kwamba mambo yamerahisishwa mno. Lakini njia yenyewe imebaki, na mpaka leo yatumiwa.

Mwaka uliofuata, 1976, walitoa jambo jingine lililo kubwa zaidi. Katika protini kama laisozaimu, kazi ya kukata na kuunga hufanyika mahali padogo tu. Sehemu nyingine zote zimeshikilia umbo. Kanuni zinazofaa kwa mahali pale padogo ni zile za atomu zenyewe, nazo ni ngumu na hula muda mwingi wa kompyuta. Basi wakazitumia kanuni ngumu pale tu, na kwa sehemu zilizobaki wakatumia kanuni nyepesi za matufe na springi. Mwenye shamba la mikarafuu mia anajua hekima hii: wakati wa kuchuma, jicho lake hulikaza juu ya lile tawi alilokanyaga mchumaji, na shamba lililobaki hulitupia macho kwa jumla. Akitaka kukazia kila tawi sawasawa hatafika jioni na kazi.

Upande mwingine wa dunia, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikuwapo Martin Karplus, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa akifanya kazi ya jamaa hiyo. Mwaka 1977 yeye na wenzake walionyesha mwendo wa protini ndani ya kompyuta, ikitikisika na kuyumba kama kitu chenye uhai. Muda walioweza kuuigiza ulikuwa chini ya sehemu moja katika bilioni ya sekunde moja. Lakini mlango ulikuwa umefunguka.

MIAKA 45

Levitt aliendelea Cambridge na Weizmann, na mwaka 1987 akahamia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Huko akawa profesa wa elimu ya maumbo ya molekuli za viumbe, na akahesabiwa pia miongoni mwa maprofesa wa sayansi ya kompyuta. Mtu mmoja, nyumba mbili za elimu: asubuhi aweza kuzungumza na matabibu, na mchana na mafundi wa programu. Alipoanza hapakuwa na idara yenye jina la kazi yake, na mtu aliyeuliza "wewe ni nani, mwanakemia au mtu wa kompyuta?" asingepata jawabu jepesi.

Faida yake ilionekana katika dawa. Mwili wa binadamu hutengeneza protini za kujikinga na maradhi, ziitwazo kingamwili. Wataalamu waliweza kuzipata kutoka kwa panya, zenye nguvu ya kushika ugonjwa maalumu, lakini mwili wa mgonjwa uliziona kuwa ni za kigeni, ukazikataa. Mwaka 1989 Levitt alikuwa mmoja wa kundi la wataalamu, akiwamo Cary Queen, walioonyesha namna ya kuzigeuza zikawa karibu sawa na za binadamu. Maumbo yaliyohesabiwa na kompyuta ndiyo yaliyowaonyesha ni shanga zipi chache za panya zibakizwe ili nguvu isipotee. Leo dawa nyingi za kingamwili zilizogeuzwa hivyo hutumika hospitali, na baadhi yake ni za saratani.

Tarehe 9 Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka ule wamepewa watu watatu: Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel. Levitt alikuwa na umri wa miaka 66. Toka alipokaa mbele ya Golem mwaka 1968 mpaka siku ile ni miaka 45. Karplus alifariki dunia Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 94. Mwaka huo huo Tuzo ya Kemia ilikwenda tena kwa kazi ya protini na kompyuta: kwa David Baker, na kwa Demis Hassabis na John Jumper, waliofanya programu inayoweza kukisia umbo la protini kutokana na mpango wa shanga zake peke yake. Mti uliopandwa na wale wa kwanza ungali unachumwa.

YAHUSU NINI KARAFUU?

Huenda mwanachama akauliza: "Habari ni nzuri, lakini mimi ni mtu wa karafuu. Molekuli zanihusu nini?" Zakuhusu sana, bwana. Ukali na harufu ya karafuu, vinavyoifanya inunuliwe, hutokana kwa sehemu kubwa na molekuli moja iitwayo yujenoli. Ndiyo iliyo nyingi katika mafuta yanayokamuliwa kutoka karafuu na kutoka makonyo. Ina atomu 24 tu: 10 za kaboni, 12 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Ndiyo inayotuliza jino, na matabibu wa meno huichanganya na unga wa madini ya zinki wakaziba matundu.

Tena molekuli hiyo imekwisha kutufunza somo moja chungu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wanakemia waliitumia yujenoli ya mafuta ya karafuu kutengeneza vanilini, yaani ladha ya vanila. Lilikuwa soko kubwa la mafuta yetu. Katika miaka ya 1930 ikapatikana njia ya kufanya vanilini kutokana na mabaki ya miti katika viwanda vya karatasi, kwa gharama ndogo, na soko lile likatuponyoka. Mkulima wa Pemba hakukosea lolote katika kupanda wala katika kuanika. Habari iliamuliwa katika vyumba vya hesabu na kemia ambamo hakuwamo hata mtoto wake mmoja.

Siku hizi vyumba hivyo vina kompyuta. Molekuli yenye atomu 24 ni mzigo mwepesi kwa njia walizozianzisha Levitt na wenzake, na watafiti katika nchi nyingi huzitumia kuchungua yujenoli hushikana vipi na protini za vijidudu. Tusipokuwa na watu wetu wanaoweza kusoma hesabu hizo, tutabaki kuambiwa na wengine karafuu yetu ina thamani gani.

JAWABU KWA BABA

Sasa twarudi kwa baba wa Kibaoni, na twamjibu kwa heshima kama mkulima kwa mkulima.

Hatumwahidi kwamba binti yake atapata Tuzo ya Nobel. Wanaoipata ni wachache kama mvua ya Januari. Wala hatumwambii kwamba kila msomi wa sayansi hupata kazi siku anapomaliza. Hilo si kweli, naye atalijua kuwa si kweli. Twamwomba apige hesabu ile anayoijua. Kidato cha tatu na cha nne ni miaka 2. Cha tano na cha sita ni miaka 2 mingine. Shahada ya kwanza ni miaka 3. Jumla ni miaka 7. Mkarafuu wenyewe huchukua miaka 6 mpaka 8. Anachoombwa ni muda wa mche mmoja.

Na tofauti baina ya milango miwili ni hii. Mtoto aliyeendelea na hesabu na fizikia anaweza baadaye kugeuka akawa mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara au mhasibu. Mtoto aliyeziacha kidato cha pili ni shida sana kuzirudia baadaye akawa mhandisi, tabibu au mtu wa kompyuta. Mlango mmoja hufunguka pande zote, na mwingine ukifungwa umefungwa. Huko Pretoria mlango ulifungwa na serikali kwa sheria. Kibaoni leo hapana sheria inayomzuia binti yule. Hapo twamwomba baba atazame vizuri ni mkono wa nani ulioshika kitasa.

Kuhusu mahali pa kusoma, hali si kama ilivyokuwa. Mwaka 1974, wakati Levitt na Warshel wakifanya kazi yao, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua muda kabla mambo hayajalegezwa. Leo sayansi ya kompyuta yasomeshwa Dar es Salaam, Dodoma na hapa Zanzibar. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Huko huko Mpimbwe, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi iitwayo Mizengo Pinda, na miongoni mwa masomo yake ni elimu ya nyuki. Hesabu za atomu zenyewe nazo zimekwisha kufika Afrika ya Mashariki: mwaka 2012 wataalamu vijana wa nchi mbalimbali za Afrika walikusanyika Eldoret, Kenya, kufunzwa namna ya kuzihesabu kwa kompyuta, na mwaka 2018 ilifunguliwa Kigali, Rwanda, taasisi ya utafiti wa fizikia kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Kutoka Katavi kwenda Kigali si mbali kama kutoka Pretoria kwenda London.

KWETU SISI WENYEWE

Wanachama wenzetu, tusicheke baba wa Kibaoni. Wakati wa msimu ni wangapi kati yetu wanaowatoa watoto darasani wakachume na kuchambua? Ni wangapi wanaosema kwamba hesabu ni za mtoto wa kiume, na msichana zamtosha kusoma na kuandika? Karafuu iliyochelewa kuchumwa hupungua thamani, na hasara yake twaiona kwa macho. Mtoto aliyekosa masomo ya hesabu wiki 3 hasara yake haionekani mpaka siku ya mtihani, na wakati huo tumekwisha kumlaumu mwalimu.

Tunatoa mashauri matatu, wala si mazito. La kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto wa kidato cha pili aende shule mwenyewe, aulize kwa mwalimu wa hesabu mtoto wake yu hali gani, kabla ya kuamua ataendelea na masomo gani. Asiamue barazani. La pili, wakati wa kuchuma, kazi ya mtoto iwe baada ya saa za shule, na siku za mtihani asiguswe kabisa. Kibarua hulipwa, mwaka wa mtoto haununuliki. La tatu, katika mikutano yetu ya matawi, wakati wa mazungumzo ya miche na mbolea, litengwe pia neno moja la kuwauliza wanachama watoto wangapi wa tawi wanasoma sayansi, wasichana na wavulana. Tawi likijua hesabu hiyo litajua nani asaidiwe daftari, nani asaidiwe nauli.

Nakala ya makala hii tumeipeleka Kibaoni kwa mwalimu wetu, pamoja na kifuko kidogo cha karafuu za mwaka huu, ili darasa lake lione na kunusa molekuli ile ya atomu 24. Mwanachama mwenye kijana au binti anayesoma hesabu, fizikia, kemia au kompyuta katika chuo chochote twamwomba atuletee habari zake kwa katibu wa tawi lake. Tungependa kuwajua, na tungependa watoto walio nyuma yao wawajue pia.